Amekubali Mwenyewe

Somo: Nehemia 5:1-13, Kumbukumbu la Torati 15:7-11

Tangu tumalize kusoma Nehemia katika ibada za katikati ya wiki, swali moja limenifikia kutoka kwa watu zaidi ya watatu, na wote wanauliza karibu kwa maneno yale yale: je, ni kazi ya Mkristo kutafuta sheria ya kuwawekea wakopeshaji kikomo, ama hayo tuwaachie wanasiasa na watu wa benki? Na mmoja akaongeza lile lililo zito zaidi: mtu mzima akikubali mwenyewe kulipa riba kubwa, dhambi iko wapi?

Nitaanzia mbali kidogo. Mtanivumilia.

Tarehe 8 Novemba 2016, siku ile Wamarekani walipomchagua Donald Trump, watu wa jimbo la South Dakota walikuwa na karatasi ndefu ya kura. Katika majimbo kadhaa kule, raia wakikusanya sahihi za kutosha wanaweza kupeleka sheria moja kwa moja mbele ya wapiga kura bila kungoja wabunge. Mwaka huo kulikuwa na mapendekezo mawili juu ya riba. La kwanza, Hoja namba 21, lilisema kwamba mkopeshaji wa pesa mwenye leseni asitoze zaidi ya asilimia 36 kwa mwaka. La pili, lililoitwa Marekebisho U, lilitaka kuandika ndani ya katiba ya jimbo kwamba riba isizidi asilimia 18.

Sasa wewe ukiwa na haraka utachagua lipi? Kumi na nane ni nusu ya thelathini na sita. Mtu anayempenda maskini angeweka alama kwa lile la 18 na kwenda nyumbani akiwa na amani. Lakini lilikuwa na mkia. Lilisema riba isizidi asilimia 18 isipokuwa mkopaji awe amekubali kwa maandishi kulipa zaidi. Ndugu yangu, nani hukopa bila maandishi? Kila mkopo una fomu, na kila fomu ina mahali pa sahihi. Kikomo hicho kingemlinda mtu asiyesaini, na kwenye ofisi ya mikopo hakuna mtu wa namna hiyo. Tena kwa kuwa lingekaa ndani ya katiba, lingekuwa na nguvu kuliko lile la 36. Waliolilipia kampeni walikuwa wafanyabiashara wa mikopo wenyewe.

Aliyetunga mkia ule ni mtu mwerevu, si mjinga. Alijua kuna maneno mawili ambayo karibu kila mmoja wetu huyapokea kama hoja ya mwisho: amekubali mwenyewe.

Ili muone uzito wake, lazima tujue walichokuwa wakikubali. South Dakota iliondoa vikomo vyake vya riba karibu mwaka 1980, wakati wa Gavana Bill Janklow, na mwaka 1981 benki ya Citibank ikahamishia huko biashara yake ya kadi za mkopo. Kazi zikaja, na watu wakashangilia. Baadaye kwenye mlango huo huo uliowachwa wazi wakaingia wengine, watu wa mikopo ya kusubiri mshahara. Inafanya kazi hivi. Unahitaji dola 100 leo na mshahara uko wiki mbili mbele. Unaandika hundi ya tarehe hiyo, ama unampa mkopeshaji ruhusa ya kuingia kwenye akaunti yako. Mahali pengi Marekani ada huwa kama dola 15 kwa kila 100. Unasema, si mbaya, ni kumi na tano tu. Lakini hiyo ni ya siku 14. Mwaka una vipindi 26 vya namna hiyo, na hesabu inakuwa asilimia 390. Kiwango kilichotajwa sana wakati wa kampeni ile ya South Dakota kilikuwa asilimia 574 kwa mwaka.

Utaniambia, pasta, hakuna anayekopa mwaka mzima. Hapo ndipo penye shida. Mwaka 2014 ofisi ya serikali yao inayolinda watumiaji wa huduma za fedha ilichunguza mikopo hii, ikakuta kwamba zaidi ya mikopo 8 kati ya 10 hufanywa upya au kufuatwa na mwingine ndani ya siku 14. Aliyekosa 100 wiki hii hatakuwa na 115 wiki mbili zijazo pamoja na kodi na chakula. Kwa hiyo analipa ile 15, deni linabaki vile vile. Sisi wa huku hatuhitaji kufafanuliwa. Anayekopa apu moja ili alipe apu nyingine anajua.

Waliobeba pendekezo la asilimia 36 walikuwa wawili, na nimependa habari yao. Mmoja ni Steve Hickey, mchungaji katika mji wa Sioux Falls, aliyewahi kuwa mbunge wa jimbo kwa chama cha Republican. Mwingine ni Steve Hildebrand, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa kampeni ya Barack Obama mwaka 2008. Hawakukubaliana katika siasa wala katika suala la ndoa. Katika hili la riba walikaa meza moja. (Kuna ndugu zetu hapa ambao hawawezi kuombea mvua na mtu wa chama kingine. Nasema tu.)

Kura zilipohesabiwa, karibu robo tatu ya wapiga kura walikuwa wamekubali kikomo cha asilimia 36, na lile la 18 lenye mkia likaanguka. Watu walisoma mpaka mwisho wa sentensi. Colorado wakapitisha kikomo kama hicho cha 36 mwaka 2018, na Nebraska mwaka 2020 kwa zaidi ya asilimia 80 ya kura. Haya ni majimbo ambayo hayapendi serikali kuingilia biashara ya mtu.

Sasa turudi kwa swali lenyewe.

Anayesema "amekubali mwenyewe" hasemi upuuzi, na tusimdharau. Mungu mwenyewe hushughulika na mwanadamu kama mwenye uamuzi. Tunawabatiza watu wazima kwa kukiri kwao, hatumburuti mtu majini. Mtu anayekwambia "mimi siwezi kukuruhusu uchukue mkopo huu kwa sababu najua kinachokufaa kuliko wewe" anakufanya mtoto, na maskini amechoka kufanywa mtoto. Mama anayeuza mboga anajua hesabu ya gunia lake kuliko mheshimiwa yeyote wa Nairobi. Kama amepiga hesabu akaona kwamba elfu tano za leo asubuhi zitamletea elfu sita jioni, ni nani wa kumkataza kulipa mia moja ya riba?

Na Biblia ina mtu aliyekubali mwenyewe. Anaitwa Esau. Alirudi kutoka mawindoni akiwa hoi, akaomba chakula, ndugu yake akamwambia niuzie kwanza haki yako ya kuzaliwa. Esau akakubali. Tena akaapa. Ule ulikuwa mkataba wenye kiapo, na riba yake sidhani kama kuna apu imeifikia. Mwandishi wa Waebrania, katika sura ya 12, hamtetei Esau hata kidogo. Anamhesabu kuwa mtu aliyedharau kitu kitakatifu. Kwa hiyo siwezi kusimama hapa niwaambie kwamba mwenye njaa hana lawama kwa alichosaini. Maandiko hayasemi hivyo.

Lakini someni habari za Yakobo pia. Yule aliyepata faida kutokana na njaa ya ndugu yake alitumia miaka ishirini kwa Labani akitendewa vile vile, mshahara ukibadilishwa mara kwa mara, na aliporudi kukutana na Esau alikuwa anatetemeka, akatanguliza mifugo kwa mamia kama zawadi. Mkataba ulikuwa halali, na mtu akaogopa kumtazama ndugu yake usoni.

Sasa Nehemia 5. Watu wanalia kwa Nehemia. Wako wa aina tatu, ukisoma polepole. Wa kwanza wana watoto wengi na hawana nafaka. Wa pili wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate chakula wakati wa njaa. Wa tatu wamekopa ili walipe kodi ya mfalme. Halafu wote wanasema neno linalouma: nyama yetu ni kama nyama ya ndugu zetu, na bado watoto wetu wanaingia utumwani. Hakuna mahali wanaposema waliibiwa. Hakuna anayesema mkataba ulighushiwa. Walikubali wenyewe, wote. Angalieni jambo ambalo Nehemia hakufanya: hakuuliza nani alisaini. Alikasirika, akashauriana na moyo wake, ndipo akawagombeza wakuu hadharani. Swali lake kwao lilikuwa kama wanaenenda katika kumcha Mungu.

Na Torati ilikuwa imeshamtangulia. Kumbukumbu la Torati 24 inakataza kuchukua jiwe la kusagia kama rehani, kwa maana hilo ni kuchukua uhai wa mtu. Inakataza mkopeshaji kuingia nyumbani mwa mdaiwa kujichagulia dhamana, asimame nje aletewe. Maskini akiweka vazi lake rehani, lirudishwe jua likichwa apate kulilalia. Hakuna hata moja kati ya sheria hizo iliyo na mkia wa "isipokuwa awe amekubali kwa maandishi." Maskini angekubali, ndiyo sababu sheria iliwekwa. Hakuna haja ya kukataza mkataba ambao hakuna mtu angeusaini.

Basi msimamo wangu ni huu. Kukubali kwa mkopaji kunaondoa shtaka la wizi. Hakuondoi shtaka la uonevu, kwa sababu uonevu hauhitaji mtu akatae. Unahitaji tu asiwe na mahali pengine pa kwenda, na wewe ujue hivyo, na upandishe bei kwa sababu unajua. Daktari anayemwambia mama aliye na uchungu wa kuzaa saa nane usiku kwamba bei imepanda mara tano, naye mama akaitikia kwa kichwa, amepata ukubali. Hakuna mtu katika kanisa hili atakayesema hiyo ni biashara.

Kwa hiyo, tukipelekewa karatasi kama ile ya South Dakota, mimi ningepiga kura ya ndiyo kwa 36 na hapana kwa ile yenye mkia. Ningeweza kuishia hapo na mngesema amina. Lakini kuna jambo ambalo wahubiri wengi hulipita haraka, na sisi Wakenya hatuna ruhusa ya kulipita, kwa sababu lilitokea kwetu, mwaka ule ule.

Tarehe 24 Agosti 2016, Rais Uhuru Kenyatta alitia sahihi sheria iliyoletwa na mbunge wa Kiambu Mjini, Jude Njomo. Benki zisitoze zaidi ya asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Kufikia mwisho wa Septemba kiwango hicho kilikuwa asilimia 10, kwa hiyo mkopo wa benki ulikuwa asilimia 14, na wengi walikuwa wakilipa 18 na zaidi. Tulifurahi. Miaka kumi na tano hivi nyuma yake Joe Donde wa Gem alikuwa amejaribu jambo kama hilo likaishia kortini, kwa hiyo hii tuliiona kama maombi yaliyojibiwa.

Kisha nini? Benki ziliangalia mama wa kibanda na fundi wa jua kali asiye na hati ya shamba, zikaangalia serikali inayokopa kwa hati za Hazina bila hatari, zikachagua serikali. Aliyekuwa na mshahara na mkopo tayari alipumua, marejesho yake yalipungua kweli. Yule mdogo aliyekuwa anagonga mlango kwa mara ya kwanza alikuta umefungwa. Haikuwa chuki. Kama huruhusiwi kutoza zaidi kwa mtu unayemwona wa hatari, unaacha kumkopesha. Naye mtu mdogo hakuacha kuhitaji pesa kwa sababu Bunge limepiga kura. Alienda kwenye simu. Mkopo wa M-Shwari, uliokuwepo tangu 2012, ulitoza asilimia 7.5 kwa mwezi, na hiyo iliitwa ada, haikuitwa riba. Zidisha kwa 12 upate 90. Apu nyingine zilikuwa juu ya hapo, na nyingine zilipiga simu kwa mama mkwe wako ukichelewa siku mbili. Novemba 2019 kikomo kikaondolewa, baada ya Rais kurudisha mswada wa fedha na Bunge likakosa idadi ya kumpinga. Apu zenyewe zililetwa chini ya Benki Kuu kwa sheria iliyosainiwa Desemba 2021.

Kwa hiyo ndugu yule anayesema "ukiweka kikomo, maskini ndiye anayefungiwa nje" ana ushahidi, na ushahidi wake una anwani ya Kenya. Kikomo cha South Dakota na chetu si kitu kimoja. Kile cha 36 kiliwalenga watu wa mamia ya asilimia, chetu kilibana benki kwa 14, na kadiri kikomo kinavyoshuka karibu na gharama halisi ya kukopesha watu wadogo ndivyo wengi wanavyoachwa nje. Hata hivyo kule pia wakopeshaji wa namna ile walifunga ofisi. Mtu aliyekuwa akienda kwao Ijumaa jioni bado ana Ijumaa jioni.

Hapa ndipo Torati ilipotushinda wote kwa akili, na ninaomba msome Kumbukumbu 15 kama vile hamjawahi kuisoma. Mungu ameweka kikomo kikali kuliko cha Njomo: kila mwaka wa saba madeni yanaachiliwa. Halafu mara moja, mstari wa 9, anaonya juu ya wazo litakaloingia moyoni mwa mwenye mali: mwaka wa saba umekaribia, basi nisimpe ndugu yangu kitu. Mnaona? Musa alijua kwamba ukimwekea mkopeshaji mpaka, ataacha kukopesha. Alilijua hilo kabla ya wachumi. Na jibu lake halikuwa kuondoa mpaka. Aliweka amri ya pili kando ya ile ya kwanza: ufungue mkono wako. Na akasema kilio cha aliyenyimwa kitapanda kwa Mungu na kuhesabiwa dhambi.

Haikuwa rahisi hata kwao. Kizazi kimoja hivi kabla ya huduma ya Bwana wetu, mwalimu Hillel aliona watu wameacha kabisa kuwakopesha maskini kwa hofu ya mwaka wa saba, akatengeneza utaratibu wa kukabidhi deni mahakamani ili lisifutwe. Waliuita prozbuli. Unaweza kumlaumu kwamba aliizunguka amri. Mimi naona mtu aliyekuwa na amri mbili mkononi na taifa linalotii moja tu, tena kwa ubaya.

Kikomo cha riba ni amri ya kwanza. Sheria ya serikali inaweza kutupa hiyo. Ile ya pili hakuna bunge linaloweza kuipitisha, kwa kuwa huwezi kumshtaki mtu kortini kwa kutokukopesha. Hiyo imebaki kwa watu. Na anayepiga kura mlango wa shailoki ufungwe, halafu jirani akigonga kwake anazima taa, amefanya nusu ya amri, na kwa jirani nusu hiyo inaweza kuwa mbaya kuliko kutofanya kitu.

Wengine mmeshaanza kuona ninakoelekea, na wengine mmeanza kukunja hiki kijarida. Ngojeni kidogo.

Vyama vyetu. Karibu kila ushirika wa nyumbani una chama, na vingi vinakopesha kwa asilimia 10 kwa mwezi. Tunaita mchango wa kukuza mfuko. Hiyo ni 120 kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya kile ambacho watu wa South Dakota walikataza. Dada akikopa 10,000 kwa miezi mitatu na kurudisha yote mwisho, analipa 3,000 juu yake. Kwa kikomo cha 36 angelipa 900.

Najua jibu, na ni jibu la nguvu: hizo 3,000 haziendi kwa tajiri, zinarudi kwetu Desemba tukigawana. Ni kweli. Lakini hebu tuangalie zinarudi kwa nani. Tunagawana kwa kadiri ya hisa. Mwenye hisa nyingi ni yule mwenye mshahara, ambaye kwa kawaida hakopi, na akikopa ni mara moja kwa ploti. Anayekopa mara tatu kwa mwaka ni mjane, Januari kwa karo, Mei kwa karo, na katikati mtoto akilazwa. Kwa hiyo Desemba, sehemu kubwa ya ile faida tunayoipigia vigelegele na kuitolea shukrani madhabahuni imetoka kwenye mfuko wa yule aliyekuwa na shida nyingi, ikaenda kwa yule aliyekuwa na shida chache. Na alikubali mwenyewe. Katiba ya chama ameisaini.

Sisemi riba yote ni haramu. Bwana wetu katika mfano wa talanta anamtaja mtumwa ambaye angalau angeweka fedha kwa watoa riba, na hasemi kwamba hao ni wezi. Calvin kule Geneva alikubali riba ya kiasi juu ya mtaji wa biashara, na mji wake ukaiwekea kikomo cha asilimia 5. Anayekopa kununua pikipiki ya pili anatafuta faida, na si vibaya aliyempa mtaji akapata sehemu. Kutoka 22 na Walawi 25 zinazungumzia mtu mwingine, ndugu aliyekuwa maskini na mkono wake umelegea. Kwa huyo, Torati haiulizi kiwango. Inasema usichukue. Kosa letu la hesabu ni kuwaandika wote wawili katika daftari moja kwa bei moja.

Nehemia mwenyewe, mstari wa 10, anasema kwamba yeye na ndugu zake na watumishi wake pia walikuwa wakiwakopesha watu fedha na nafaka. Hakuhubiri kutoka nje ya chumba. Katika mstari wa 11 anawaambia warudishe mashamba, na ile sehemu ya mia waliyokuwa wakitoza, ambayo wafafanuzi wengi huichukua kuwa asilimia 1 kwa mwezi. Moja! Sakos nyingi hapa Kenya hutoza hivyo na tunaziona za huruma. Nehemia alisema hata hiyo irudishwe, kwa sababu waliotozwa walikuwa na njaa.

Nimelipeleka jambo hili kwa viongozi wa vyama vyetu, na kwa kuwa linahusu pesa za washiriki, ni haki mlijue kabla ya mikutano ya mwisho wa mwezi. Pendekezo ni daftari mbili. Mkopo wa biashara ubaki kwa kiwango ambacho chama chenyewe kitapigia kura, ingawa kura yangu itakuwa isizidi 3 kwa mwezi. Mkopo wa karo, hospitali, mazishi na chakula usiwe na riba, ila faini ndogo ya kuchelewa kama wanachama wataona vema, na faini hiyo isimamishwe kabla haijafikia deni lenyewe. Hata sheria ya benki ya nchi hii, kifungu cha 44A, haikubali riba ya mkopo ulioshindikana kupita kiasi cha deni lililobaki. Tusiwe wakali kuliko benki.

Mweka hazina mmoja, mama ninayemheshimu sana na ambaye vitabu vyake havijawahi kukosa hata shilingi, amenijibu hivi: pasta, ukisema mkopo wa ugonjwa hauna riba, kufikia Machi kanisa zima litakuwa wagonjwa. Na mgao wa Desemba ukishuka kwa nusu, wenye hisa kubwa watahamia sako, na huyo mjane unayemtetea atabaki na mfuko usio na kitu. Hajakosea. Ni mstari wa 9 ule ule, umekuja na miwani na kalamu nyekundu.

Nilichomwambia ni kwamba ukweli wa ugonjwa unaweza kujulikana na watu wawili wakienda kutembelea, na kwamba kutembelea ni kazi yetu hata kama hakuna mkopo. Kuhusu wenye hisa kubwa kuhama, sina takwimu ya kumpa. Wako kanisani. Wanasoma hapa. Majina ya wanaotaka kuweka sehemu ya hisa zao kwenye daftari ya pili, wakijua haitazaa kitu Desemba, yataandikwa kwa mweka hazina wa kila chama baada ya ibada ya pili, naye ameahidi kuniletea hesabu kamili, nzuri ama mbaya, kabla ya mkutano.